Pigo la Kwanza na Pigo la Tatu

Jumamosi jioni kwa kinyozi wetu huku Umoja hakuna siri wala haraka. Mashine inanguruma, runinga iko juu ukutani ikiongea peke yake, na benchi limejaa watu ambao nusu yao hawakuja kunyolewa. Siku hiyo mjadala ulikuwa wa soja, yaani mlinzi wa usiku, wa ploti ya jirani aliyempiga mwizi rungu usiku wa manane. Mwizi akafa, soja akalala seli. Kinyozi alizima mashine ili asikike vizuri, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu.

"Nielezeni jambo moja," akasema. "Mtu akiruka ukuta wangu na panga, nikamuua, mnasema nilijilinda. Sawa. Huyo huyo akishikwa mzima, apelekwe kortini, apatikane na hatia, mnaanza kusema ati kumnyonga ni unyama. Sasa huyo ni mtu mmoja ama ni wawili?"

Mteja alipeleka mkono kichwani kupima upande uliobaki. Mzee mmoja pale benchini, naye soja wa usiku kwa miaka mingi, aliangalia sakafu na hakusema kitu.

Swali lile nilienda nalo nyumbani, kwa sababu wengi wetu hulijibu ovyo. Wanaopinga kitanzi husema uhai ni mtakatifu, halafu wakiulizwa kuhusu soja wanababaika. Wanaokitetea husema damu kwa damu, halafu wanamwachilia soja kwa hoja hiyo hiyo, kana kwamba yeye alikuwa mnyongaji aliyeanza kazi mapema. Ukiyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja, hutatoka nayo salama.

Tumfuate soja wenyewe. Ni saa tisa usiku. Ana rungu, tochi na koti alilorithi kwa aliyemtangulia kazini. Mtu anaruka ukuta, anatua, anainua panga. Soja anampiga mkononi. Hilo ni pigo la kwanza. Mwizi anapiga magoti lakini panga hajaiachilia, na anajaribu kuinuka. Soja anampiga begani. La pili. Sasa panga imeruka hadi karibu na tangi la maji, mwizi amelala kifudifudi, anaomba mama yake. Soja, moyo ukimdunda, anainua rungu tena na kumpiga kisogoni.

Ni mtu yule yule, usiku ule ule, rungu lile lile. Hata hivyo kati ya pigo la pili na la tatu kuna kitu kimeondoka pale uani, nacho ni hatari. Pigo la kwanza lilizuia kifo cha soja. La tatu halikuzuia chochote. Lilikuwa malipo.

Sheria ya Kenya inaliona hilo, ingawa inalisema kwa mkato wa ajabu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu hakielezi kujilinda ni nini. Kinasema tu kwamba atakayetumia nguvu kujilinda au kulinda mali atapimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza. Yaani soja wa Umoja atalala kwake au atalala rumande kutegemea yale majaji wa Uingereza waliyoyafikiria kwa karne kadhaa. Bahati nzuri, yale waliyoyafikiria si mabaya. Mwaka 1971, majaji wa London waliokuwa wakisikiliza rufaa kutoka Jamaica walisema kwamba aliyevamiwa hatarajiwi kupima nguvu zake kwa mizani ya sonara. Kama alifanya kile alichoamini kwa dhati, katika taharuki ile, kuwa kinahitajika, huo ni ushahidi mzito kwamba alijilinda kihalali. Tena si kazi yake kuthibitisha kwamba alijilinda. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuonyesha kwamba hakujilinda.

Akizidisha nguvu kupita kiasi, mahakama zetu kwa muda mrefu zimekubali kwamba kosa laweza kushuka kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji ana nafasi ya kupima na kutoa adhabu iliyo chini ya hapo. Kwa hiyo sheria haimwambii soja ahesabu mapigo kama mtu anayehesabu nyanya sokoni. Inamuuliza swali moja tu: ulipopiga, ulikuwa bado unaogopa kufa?

Swali hili ni la kale kuliko Uingereza. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema mwizi akipatikana anavunja nyumba usiku akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limechomoza, ana hatia. Nimewahi kusikia mahubiri mengi kuhusu jicho kwa jicho lakini sijasikia hata moja kuhusu jua hilo, na ndilo lenye mafundisho. Usiku humjui aliyeingia, huoni alichoshika, na jirani hakusikii. Mchana unaona, unaweza kupiga kelele, watu watakuja. Mwizi hajabadilika. Kilichobadilika ni ulazima. Upande wa Waislamu, hadithi inayojulikana sana inasema anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi, nao wanazuoni wa fikihi wakaijengea utaratibu: mvamizi azuiwe kwa njia nyepesi zaidi itakayotosha, na akikimbia asifuatwe akauawe.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alijaribu njia nyingine. Alisema tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wangu na kumuua mvamizi. Nikikusudia la kwanza tu, nisitumie nguvu kuliko inavyohitajika, sina dhambi kwa la pili. Augustino kabla yake alisita hata kuruhusu hilo kwa raia wa kawaida. Mimi namheshimu Thoma, lakini nia ni kitu cha kuteleza. Mtu aliyekupiga kisogo kwa rungu atakuambia alikusudia kukutuliza tu. Ndiyo maana napendelea kuuliza habari ya hatari kuliko habari ya moyo: hatari ilikuwepo, au ilikuwa imepita?

Kipimo hicho nacho kina kasoro, na sitaificha. Mfikirie mwanamke anayepigwa na mumewe kila mwisho wa mwezi, aliyewahi kuripoti kituoni akaambiwa arudi wakayazungumze nyumbani, ambaye ameahidiwa kwamba mara nyingine hataamka. Usiku mmoja mume amelala amelewa, naye anamuua. Hapo hakuna panga iliyoinuliwa. Ukiangalia saa, hatari imelala. Ukiangalia maisha yake yote, hatari iko pale pale na inakoroma. Mimi sioni kwamba tendo lake ni sawa na pigo la tatu la soja, kwa sababu mwizi aliyeanguka hana kesho ya kurudi, na mume huyu anayo. Sheria ya kujilinda imeandikwa kama vile kila ugomvi ni wa wanaume wawili barabarani, na mahakama nyingi duniani bado zinahangaika kuinyoosha ili imfikie mwanamke huyu.

Turudi kwa kinyozi. Jibu zuri zaidi la swali lake lilitolewa Johannesburg mwaka 1995. Afrika Kusini ilikuwa imetoka kwenye ubaguzi wa rangi, na Mahakama yake mpya ya Katiba ikaulizwa kama adhabu ya kifo inaweza kuishi pamoja na haki ya uhai. Mawakili wa serikali walileta hoja ya kinyozi karibu neno kwa neno: mbona mnaruhusu kuua kwa kujilinda? Arthur Chaskalson, rais wa mahakama hiyo, alijibu kwamba katika kujilinda kuna maisha mawili yanayogombania nafasi moja, na lazima mmoja apotee. Sheria inachagua asiye na hatia. Anayeteka watu anaweza kupigwa risasi ili mateka waokoke. Lakini akishanyang'anywa bunduki na kufungwa pingu, hakuna tena maisha mawili yanayogombana. Kumuua baada ya hapo ni tendo jipya, linalohitaji sababu zake lenyewe. Majaji wote 11 walikubaliana kwamba kitanzi kiondoke, na kadhaa wao wakaegemea utu, neno ambalo wao hulitamka ubuntu.

Kwa hiyo jibu kwa kinyozi ni kwamba mtu ni mmoja, ila nyakati ni mbili. Mfungwa aliye gereza la Kamiti yuko kwenye wakati wa pigo la tatu. Amelala, panga iko mbali. Hii haimaanishi papo hapo kwamba kumnyonga ni makosa. Inamaanisha tu kwamba huwezi kuazima uhalali wa soja na kumvisha mnyongaji. Mnyongaji alete wake.

Kumbuka pia nani mwingine amekaa kwenye wakati huo. Mtu anapigiwa kelele za "mwizi!" pale stejini, anakimbizwa, anaangushwa, anazungukwa na watu 50. Hapo hatari imekwisha kabisa. Kisha mtu anatafuta tairi na mwingine analeta petroli kwenye chupa ya soda. Nairobi tumezoea kuita jambo hilo hasira ya wananchi, na wengi hulitetea kwa lugha ya kujilinda. Halina undugu wowote na kujilinda. Ni hukumu ya kifo isiyo na jaji, na mara nyingi anayechomwa ni kijana aliyefanana na mwizi wa jana.

Basi mnyongaji ana sababu gani? Ya kwanza ni kwamba kitanzi kinatisha wahalifu. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia utafiti wa zaidi ya miongo mitatu kuhusu jambo hilo na kuamua kwamba hautufundishi lolote: hauthibitishi kwamba kinapunguza mauaji wala kwamba kinayaongeza. Sisi wenyewe hatujanyonga mtu tangu 1987. Anayekuambia jambazi wa leo anazuiwa na kamba ambayo haijatumika tangu kabla hajazaliwa, mwulize anazuiwaje. Sababu ya pili, kwamba jamii inajikinga, inajibiwa na kuta za gereza.

Ya tatu ndiyo nzito, na sipendi inavyopuuzwa na watu wa semina. Ni haki ya malipo: kwamba aliyeua kwa makusudi anastahili kufa, basi, hata kama kifo chake hakitamzuia mtu yeyote. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifika mbali akaandika kwamba jamii ya kisiwa ikikubaliana kuvunjika na kila mtu aende zake, kwanza imuue muuaji wa mwisho aliye gerezani.

Nami nimewahi kukaa upande huo, nusu saa nzima. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliyokuwa wameikodi walitekwa wakitoka kortini Mavoko. Miili yao ilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk, ndani ya magunia. Mteja huyo alikuwa amethubutu kumshtaki afisa wa polisi kwa kumpiga risasi. Februari 2023, hapa Nairobi, jaji alimhukumu afisa huyo kifo na wenzake watatu vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Niliposikia neno kifo, mimi niliyekuwa nimeandika kurasa nyingi dhidi ya kitanzi, moyo wangu ulisema: vyema. Sioni aibu kukiri. Hasira ile haikuwa ugonjwa. Ilikuwa njia ya kusema kwamba wale watatu walikuwa na thamani.

Lakini kustahili kifo ni jambo moja, na sisi kustahili kukitoa ni jingine. Angalia jinsi kisasi kilivyopangwa mahali kinapochukuliwa kwa uzito. Sura ya Al-Baqarah, aya ya 178, inapotaja kisasi inataja kwa pumzi ile ile msamaha na fidia, na inamwita muuaji ndugu wa mwenye kudai. Mwenye haki ni familia iliyofiwa. Inaweza kudai, inaweza kuchukua diya, yaani fidia ya damu, inaweza kusamehe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kusuluhishana kwa ngamia na mbuzi. Wanasheria walipiga kelele, na walikuwa na hoja, kwani tajiri asije akajizoesha kununua damu. Hata hivyo pale kulikuwa na kitu ambacho kitanzi cha serikali hakina: mtu aliyeumizwa, mwenye uwezo wa kusema imetosha. Serikali haikufiwa. Mnyongaji analipwa mshahara.

Tena serikali hukosea. Mwaka 1950 Uingereza ilimnyonga Timothy Evans kwa kumuua mtoto wake. Baadaye ikagundulika kwamba jirani yake wa nyumba ile ile, John Christie, alikuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, akiwa kaburini kwa miaka 16. Kufikia wakati huo Waingereza walikuwa tayari wameacha kunyonga wauaji, tangu 1965. Marekani, tangu 1973, zaidi ya watu 190 waliohukumiwa kifo wametolewa baadaye bila hatia.

Hapa kwetu kitanzi kina historia yake, na ukitembea katikati ya jiji huwezi kuikwepa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, amesimama kwa shaba kwenye barabara yenye jina lake, ameshika bunduki na jambia. Alikamatwa Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, amelala chini, pigo la pili limeshapita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na shtaka lenyewe halikuwa la kumuua mtu. Lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Wakati wa hali ya hatari wakoloni walinyonga zaidi ya watu 1,000. Tulipopata uhuru tuliondoa baadhi ya sanamu zao, tukabadilisha majina ya barabara, na kamba tukaihifadhi.

Waliokuwa wa mwisho kunyongwa walihukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akiwemo Hezekiah Ochuka. Hiyo ilikuwa Julai 1987. Tangu hapo tunahukumu bila kunyonga, kisha marais wanafuta. Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha mwaka 2009, akisema kukaa miaka mingi ukisubiri kamba ni mateso. Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747 mwaka 2016. William Ruto naye akafuata mwaka 2023. Inakaribia kuwa mila: mahakama zinajaza debe, Ikulu inalimwaga.

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliukata mzizi mmoja. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinamlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kujali alivyoua. Aliyepanga mauaji kwa miezi na aliyeteleza kidogo tu kupita mpaka wa kujilinda walipata neno moja. Majaji walisema anayekabiliwa na kifo anastahili kusikilizwa kuhusu adhabu, na jaji awe na uwezo wa kuibadilisha. Hawakufuta adhabu ya kifo. Waliondoa ulazima. Na Katiba yenyewe, Kifungu cha 26, imeacha mwanya: uhai usiondolewe kwa makusudi isipokuwa pale Katiba au sheria iliyoandikwa inaporuhusu.

Kisha, Julai 2021, mahakama ile ile ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Makosa mengine ya kifo hayakuguswa, na kubwa kati yake ni wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2). Hapo ndipo nilipomrejea kinyozi Jumamosi iliyofuata, nikiwa na nywele kidogo za kisingizio.

Nilimweleza kwamba wizi huwa wa mabavu ikiwa mwizi ana silaha hatari, au ikiwa ana mwenzake, au ikiwa amempiga au kumjeruhi mtu. Lolote moja kati ya hayo latosha. Si lazima mtu afe. Na kesi hizi huanzia kwa hakimu, Makadara au Kibera, ambako mshtakiwa maskini mara nyingi hujitetea mwenyewe, anaambiwa amhoji shahidi na hajui aulize nini.

"Kwa hivyo vijana wawili?" akauliza.

"Wawili wanatosha."

"Mmoja akiwa amenipiga kofi, wakachukua simu?"

"Hata bila kofi. Wakikutisha tu, mradi wako wawili."

Alizima mashine. Yule mzee soja alikuwa kwenye benchi tena, na safari hii alikuwa ameinua macho.

"Na wakishikwa hapo kona, simu ikarudishwa?"

"Hata ikirudishwa."

Kinyozi alipuliza nywele kwenye meno ya mashine, akaitazama kama aliyekuwa akitafuta kitu ndani yake, akaiwasha.

"Inamisha kichwa," akaniambia.